Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Wilaya Yetu: Pilau na Soda Havitawapatanisha Wakulima na Wafugaji

Kwa: Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, Watendaji wa Kata na Vijiji

YAH: NAMNA WILAYA INAVYOSHUGHULIKIA UGOMVI WA WAKULIMA NA WAFUGAJI

Mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa wananchi wako wa pande zote mbili, ambao wamenituma niandike kwa niaba yao. Barua hii ilistahili kufika ofisini kwako ndani ya bahasha, na zilizotangulia zilifika hivyo. Ziligongwa muhuri wa masijala, tukaambiwa zinafanyiwa kazi, na habari yake ikaishia hapo. Wazee wa wakulima na laigwanani, yaani viongozi wa kimila wa wafugaji, walipokuja pamoja kuomba miadi, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwa habari njema katika wilaya hii, walielezwa kwamba uko ziarani. Kiangazi kinakaribia, mito midogo imeanza kukatika, na hatuoni busara kuendelea kusubiri majibu ya faragha. Wilaya siitaji kwa jina, kwa kuwa wahusika tunajuana, na kwa kuwa wilaya nyingi za Morogoro, Manyara, Pwani na Lindi zitajikuta humu bila ya kutajwa.

Kwanza nieleze tunalolikubali, ili tusipoteze muda kubishania lisilobishaniwa. Ugomvi huu una mizizi katika ardhi na maji. Watu wameongezeka, mashamba yamepanuka hadi kwenye mapito ya mifugo, na mabonde yaliyokuwa malisho ya kiangazi sasa yanalimwa mpunga na mboga. Hata hivyo, uhaba peke yake hauelezi kwa nini majirani wanafikia kuuana. Wazee wetu waliishi na uhaba huohuo kwa utaratibu ambao wengi tunaukumbuka: baada ya mavuno mfugaji alipatana na mwenye shamba, ng'ombe wakala mabua, shamba likapata samadi, na nyumba ya mkulima ikapata maziwa. Kiangazi kilikuwepo, na ng'ombe walioponyoka usiku walikuwepo. Kilichobadilika zaidi ni jinsi kila upande unavyouona upande wa pili, na kwa masikitiko tunasema kwamba ofisi yako, bila shaka pasipo kukusudia, imekuwa ikiuchochea mtazamo huo badala ya kuupoza. Hilo ndilo lalamiko letu, na tunalifafanua kwa hoja zifuatazo.

1. Mikutano ya amani isiyo na kazi ndani yake

Mheshimiwa, mikutano hii tunaijua kwa mpangilio wake. Mahema mawili yanafungwa, wakulima wanakaa hili na wafugaji lile, meza kuu inapambwa, viongozi wanachelewa, hotuba zinasomwa, watu wanashikishwa mikono kwa ajili ya picha, kisha pilau na soda. Jioni kila kundi linarudi kwake likisimulia jinsi wenzao walivyopendelewa katika ugawaji wa chakula. (Soda, niseme ukweli, huwa haziwi baridi, lakini hilo silihesabu katika malalamiko.)

Kukutana tu hakupatanishi, na jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1954 mtafiti Muzafer Sherif na wenzake walichukua wavulana 22 wa umri wa miaka kama 11, wasiofahamiana na waliotoka katika familia za kawaida, wakawapeleka kambini Robbers Cave katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Waligawanywa katika makundi mawili, kila kundi likajipa jina lake, kisha wakashindanishwa kwa michezo yenye zawadi. Siku chache zilitosha: bendera zilichomwa moto, mabweni yakavamiwa, na watoto ambao hawakuwa na kisa chochote kati yao wakawa hawataki hata kukaa karibu. Watafiti walipojaribu kuwapatanisha kwa kuwakutanisha kwenye chakula na burudani, watoto walirushiana vyakula. Yaani mkutano wa pilau ulijaribiwa ukashindwa kabla hata nchi yetu haijapata uhuru.

Kilichofanikiwa kilikuwa kitu kingine. Maji ya kambi yalikatika, na ikawa lazima makundi yote mawili yatafute tatizo na kulitatua. Gari la chakula likagoma kuwaka, ikabidi walivute kwa kamba wote pamoja. Na ninaomba wataalamu wako wazingatie kwamba siku ya maji peke yake haikutosha, kwani baada ya kazi ugomvi ulirudi mezani. Uhasama ulipungua kadiri kazi za pamoja zilivyofuatana, moja baada ya nyingine.

Wapo wanaolikosoa jaribio hilo, wakisema kwamba watu wazima waliosimamia kambi ndio waliowachochea watoto. Mimi naona ukosoaji huo unaongeza uzito wa barua hii. Ikiwa uhasama wa watoto uliwategemea wasimamizi kiasi hicho, basi wasimamizi wa wilaya nao hawawezi kujitoa katika hesabu.

Mwaka huohuo wa 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza masharti yanayofanya kukutana kwa makundi kupunguze chuki: wakutane wakiwa na hadhi sawa, wawe na lengo moja, walifanyie kazi kwa kushirikiana, na wenye mamlaka waunge mkono waziwazi. Ukiipima mikutano yetu kwa masharti hayo, utaona kwamba hadhi haiko sawa, kwa kuwa upande mmoja huitwa kama mshitaki na mwingine kama mshitakiwa. Lengo ni kumaliza mkutano. Ushirikiano hakuna. Na mamlaka, kama nitakavyoeleza sasa, huonekana kuegemea upande.

2. Lugha ya viongozi

Katika hotuba za hadhara tumesikia wafugaji wakiitwa "wavamizi" na "hawa wageni", ilhali wapo waliozaliwa hapa, wana kadi za mpigakura za hapa, na wamewazika wazazi wao hapa. Tumesikia pia, katika vikao vya upande wa pili, wakulima wakitajwa na viongozi kuwa ni watu wa wivu wasiopenda mwenzao awe na mali. Taarifa za matukio huandikwa "mfugaji amemjeruhi mkulima" hata pale ugomvi ulipokuwa wa pombe kilabuni na haukuhusu shamba wala ng'ombe.

Huenda ukaona kwamba maneno ni maneno tu. Lakini mwanasaikolojia Henri Tajfel, aliyefanya utafiti kwa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, na kuuchapisha mwaka 1970, alionyesha jinsi mstari mdogo unavyotosha kuwagawa watu. Wavulana waliambiwa wamepangwa katika makundi kwa sababu ndogo kabisa, kama vile namna walivyokadiria idadi ya nukta zilizooneshwa ukutani. Hawakujuana nani ni wa kundi gani, na hawakuwa wakijigawia wao wenyewe kitu chochote. Hata hivyo, walipopewa nafasi ya kugawa fedha, waliwapendelea wa kundi lao, na mara nyingi walikuwa tayari wenzao wapate pungufu ilimradi tofauti kati yao na kundi la pili iwe kubwa.

Ikiwa nukta za ukutani zinafanya hivyo, tufikirie mstari unaochorwa na kipaza sauti cha kiongozi kati ya watu wenye lugha tofauti, mavazi tofauti na makaburi ya kukumbuka. Tunaelewa sasa kwa nini kuna mkulima anayesema afadhali lambo lisichimbwe kabisa kuliko wafugaji kunywesha hapo, ingawa mkewe na binti zake nao wanachota maji mbali, na kwa nini kuna mfugaji anayepinga skimu ya umwagiliaji ambayo ingempunguzia mkulima haja ya kulima bondeni. Kila mmoja anakubali kupoteza, mradi mwenzake apoteze zaidi.

3. Adhabu ya kundi kwa kosa la mtu

Hili ndilo linalotuumiza kuliko yote, na nitalieleza kwa kirefu.

Ng'ombe wa mtu mmoja wanapoingia shambani, operesheni inayofuata hukamata mifugo ya yeyote aliye karibu. Mifugo hiyo hufungiwa katika zizi la kijiji bila maji ya kutosha, mwenye kosa akiwa ameshavuka bonde, na faini inalipwa na mjane au kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe wa watu. Vivyo hivyo, kijana mmoja wa kikulima anapomkata ng'ombe panga, polisi huingia kijijini usiku na kubeba kila mwanamume wanayemkuta. Kwa ofisi, hiyo ni njia ya haraka ya kuonyesha kwamba hatua zimechukuliwa. Kwa wananchi ni fundisho kwamba mtu hahesabiwi kwa matendo yake, anahesabiwa kwa kundi lake.

Fundisho hilo lina matokeo yake. Kijana mkorofi ambaye wazee wake walikuwa tayari kumkemea hugeuka kuwa wa kulindwa, kwa sababu sasa wote wameguswa. Mzee aliyekuwa akitetea maelewano huonekana msaliti. Wanasaikolojia wa jamii wameeleza kwa miaka mingi tabia ya binadamu ya kulitafsiri kosa la mtu wa kundi jingine kuwa ni asili yao, na kosa la mtu wa kundi lake kuwa limetokana na shida iliyompata. Ng'ombe wangu wameponyoka kwa sababu mtoto alisinzia. Ng'ombe wako wameingia kwa sababu ninyi ndivyo mlivyo. Dola inapoadhibu kwa makundi, inaigongea muhuri tafsiri hiyo.

Kuna hofu ambazo ofisi inapaswa kuzijua kabla ya kutuma askari. Mfugaji wa leo anakumbuka bonde la Usangu, mkoani Mbeya, ambako mwaka 2006 na 2007 maelfu ya mifugo iliondolewa pamoja na wenye nayo, wengine wakisafiri hadi Lindi. Kila anaposikia neno operesheni, hasikii habari ya shamba moja lililoliwa. Anasikia kwamba zamu yake ya kufukuzwa imefika. Mkulima naye anaikumbuka Kilosa, mkoani Morogoro. Tarehe 8 Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa baada ya mvutano wa muda mrefu kuhusu mashamba kuliwa na mifugo kukamatwa. Anapoona vijana wenye sime wakipita kwa makundi, hata kama wanaelekea mnadani, hiyo ndiyo picha inayomjia. Watu wawili wenye hofu za namna hiyo wakikutana kwenye kisima kimoja, kila mmoja huona kwamba anajihami, na mwenzake huona kwamba anashambuliwa.

Watafiti waliochunguza mauaji ya Kilosa walionyesha pia kwamba pande zote mbili zilikuwa zimeshapoteza imani na vyombo vya dola, kila upande ukiamini kwamba mwenzake ananunua haki. Hapo ndipo watu walipojichukulia sheria mkononi. Ndiyo maana hoja inayofuata, ingawa inaonekana ya makaratasi, inaweza kuwa ya uhai na kifo.

4. Tathmini ya hasara isiyoeleweka

Shamba likiliwa, afisa kilimo hufika baada ya siku nyingi, wakati mvua imeshafuta nyayo. Kiasi cha fidia hutajwa bila maelezo ya namna kilivyopatikana. Mfugaji hulipa, mara nyingi bila stakabadhi, na mkulima hupokea pungufu ya kilicholipwa au hapokei kabisa. Mkulima huamini kwamba mfugaji ametoa kitu kidogo ili asilipe, na mfugaji huamini kwamba ameibiwa na mkulima. Kumbe wote wawili hawajui fedha zimeishia wapi, na wanachukiana kwa ajili ya mtu wa tatu.

Mwanasaikolojia Tom Tyler, aliyewahoji wakazi wa Chicago, Marekani, kuhusu polisi na mahakama, alionyesha kwamba utii wa watu kwa sheria hutegemea sana kama wanaona utaratibu ulikuwa wa haki: kama walisikilizwa, kama waliheshimiwa, kama mwamuzi hakuwa na upande. Mtu anaweza kushindwa kesi na bado akaiheshimu mahakama. Wazee wetu chini ya miti yao walilijua hilo bila utafiti, na ndiyo sababu kila mmoja aliachwa aseme hadi amalize, hata kama maneno yake yalikuwa ya kurudiarudia.

5. Mipango ya ardhi inayopangwa bila wenye ardhi

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri ya kijiji nafasi kubwa katika mambo haya. Sheria hiyohiyo inaruhusu vijiji jirani kupatana juu ya matumizi ya pamoja ya ardhi, na inaanzisha Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, ambao angalau watatu wawe wanawake. Katika vijiji vyetu ramani zilikuja zikiwa zimekwisha kuchorwa, mabaraza mengi yapo kwenye makaratasi tu, na wanawake, ambao ndio wanaokutana kila siku kisimani na kwenye gulio wakiuziana maziwa na unga bila kugombana, hawaulizwi.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo kunaonekana Kiteto, mkoani Manyara, ambako vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha maeneo yao ya malisho chini ya mpango mmoja na kuuita OLENGAPA kutokana na majina ya vijiji hivyo. Kiteto si peponi. Wilaya hiyohiyo imewahi kuona damu ikimwagika kwa sababu ya mashamba na malisho. Lakini vijiji hivyo vilipata kitu cha kulinda kwa pamoja, chenye mipaka inayojulikana.

Majibu tunayoyatarajia

Tutaambiwa kwamba bajeti haitoshi. Tunaelewa, lakini operesheni zina mafuta, posho na magari, na mahema hayafungwi bure. Tunaomba fedha hizohizo zihamie kwenye jembe na saruji.

Tutaambiwa kwamba mifugo ni mingi mno kuliko ardhi. Inawezekana kabisa, na wapo wafugaji wanaokiri hivyo wakiwa kwao. Hata hivyo hakuna mtu anayekubali kujadili kupunguza mali yake mbele ya watu anaoamini wanataka kumfukuza. Usalama utangulie, hesabu ya ng'ombe itafuata.

Tutaambiwa, na hili tumeshaambiwa na mmoja wa maofisa wako, kwamba haya ya saikolojia ni mambo ya Wazungu na kwamba makabila haya yana uadui wa asili. Tungeomba afisa huyo atueleze basi utani ulitoka wapi. Wangoni waliingia nchi hii katika karne ya 19 kwa mikuki, na leo ni watani wa makabila mengi waliyopigana nayo. Wanataniana misibani na kuambiana maneno ambayo mtu mwingine angepigwa nayo. Uadui wa asili haugeuki kuwa utani. Uliogeuka ulikuwa uhusiano, na uligeuzwa na watu waliokuwa na sababu ya kuishi pamoja.

Mwisho, tutaambiwa kwamba barua hii ni siasa za kuelekea uchaguzi. Hakuna kati yetu anayegombea. Tungependa wanaogombea waisome, kwa kuwa baadhi yao wanafahamu vyema kwamba kura za kundi lenye hofu ni rahisi kukusanya.

Tunachoomba

Tunaomba, kwanza kabisa, kazi moja ya pamoja ianze kabla ya kiangazi kukolea. Pendekezo letu ni lambo la mpakani, ambalo mfugaji atanywesha upande mmoja na mkulima atamwagilia bustani upande wa pili, likisimamiwa na kamati yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila upande, ufunguo wa pampu ukae kwa zamu. Likikamilika, ifuate kazi nyingine: josho, kisha kuweka alama kwenye mapito ya mifugo. Kazi moja tu tusiiite suluhu.

Tunaomba pia ukamataji wa mifugo umhusu mwenye kosa peke yake, atambuliwe kwa chapa ya ng'ombe na kwa ushahidi wa watu wawili, mmoja wa kila upande, na kwamba hakuna mfugo utakaozuiwa bila hati iliyosainiwa na mtendaji wa kijiji. Tathmini ya hasara ifanyike ndani ya siku tatu mbele ya pande zote mbili, hesabu yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na fidia ilipwe kwa stakabadhi. Mabaraza ya Ardhi ya Vijiji yaundwe upya kwa mujibu wa sheria, wanawake wakiwemo kwa hesabu kamili. Na wewe mwenyewe, Mheshimiwa, utoe maelekezo ya maandishi kwa watendaji na madiwani kwamba taarifa na hotuba zitaje mtu na kosa lake, zisitaje kabila wala kazi yake pale visipohusika.

Majibu tunayaomba kwa maandishi, na yasomwe katika mikutano mikuu ya vijiji vyote vya pande mbili kwa siku moja, kwa maneno yaleyale, ili pasiwepo kundi litakalodai kwamba mwenzake ameambiwa jingine. Tunaomba yafike kabla ya mavuno kwisha na mashamba kufunguliwa kwa mabua, kwa sababu wakati huo ndipo ng'ombe wanaposhuka bondeni kwa wingi. Laigwanani na wazee wa wakulima wako tayari kuja tena ofisini, pamoja kama walivyokuja awali, siku utakayoipanga.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu na mkulima,
kwa niaba ya wazee wa usuluhishi wa pande zote mbili